Upande wa Maji

Jumapili, 1 Machi

Mwakilishi wetu wa wadi tumemzika Ijumaa, na udongo wa kaburi haujakauka tayari kampeni imeanza. Sisemi kwa ubaya. Huku kwetu Nyakach matanga ndiyo mkutano wenyewe. Anayetaka kura hukusubiri penye jeneza. Mpwa wa marehemu, huyu Ondiek mwenye duka la mbao Katito, alishika maikrofoni, akalia kidogo, akasema kazi ya mjomba haitakufa. Shemeji yangu Zadock, aliyekuwa akiongoza shughuli, akamwekea mkono begani mbele ya umati. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tiketi ya chama ilikuwa imeshapata mwenyewe.

Naandika kwa sababu akina mama wa Dorkasi kanisani wamenituma. Walisema, Mama Atieno, wewe ulifika kidato cha pili na Kiswahili chako ni cha Bungoma, hebu utuulizie hawa wagombea, tujue nani ni nani kabla ya tarehe kumi na nne Mei. Kweli miaka yote tumepiga kura kama watu wanaokula gizani: unatia mkono kwa sufuria, na chochote kitakachokuja unatafuna. Nimekubali. Daftari ni la ripoti, lakini mimi nikishika kalamu siandiki ripoti, naongea.

Jumanne, 3 Machi

Jua kali. Nimeuza mboga za mrenda na saga sokoni Katito, zikaisha kabla ya saa sita.

Sabato, 7 Machi

Mchungaji amekataza majina ya wagombea kutajwa ndani ya kanisa, kwa hiyo tumeyataja nje, jikoni, wakati wa kupakua chakula. Wagombea ni wawili tu. Ondiek, na mama mmoja anaitwa Perez, mgombea huru, aliyekuwa afisa wa kilimo huko Homa Bay mpaka akastaafu. Huyu aliachana na mumewe akarudi kwa baba yake, na huku kwetu jambo kama hilo watu hawalisahau hata ukitibu wagonjwa.

Beldina, jirani yangu na rafiki yangu wa kufa kuzikana, alikuwa anagawa maharagwe. Akasema, "Mtu ameshindwa na mwanaume mmoja, ataweza wadi nzima?" Tukacheka mpaka mchungaji akachungulia dirishani. Nilicheka na mimi.

Tumekubaliana niulize habari moja tu: mafuriko. Mwaka juzi mto ulikuja kutoka juu na ziwa likarudi nyuma kutoka chini, vikakutana kwa mashamba yetu, tukalala darasani na mbuzi wetu. Anayetaka kura yetu atuambie maji atayafanya nini. Mengine tutayasikia kwa redio.

Jumatano, 11 Machi

Zadock amekuja kupigilia mabati yaliyolegea, maana mvua iko karibu. Sikumwita. Huja mwenyewe kila mwaka tangu mume wangu Okinyi, kaka yake, alipofariki, na sasa ni mwaka wa nane. Wakati ule wazee walitaka anirithi kama mila ya hapa inavyotaka. Mimi nilikataa kwa ajili ya imani yangu, na pia kwa sababu sikutaka, Mungu anajua yote mawili. Hakukasirika. Alisema, sawa, nyar Bungoma, kaa na Yesu wako. Hivyo ndivyo ananiita, binti wa Bungoma. Shamba la juu la Okinyi, lile la karibu na barabara, analilima yeye mtama na kila mavuno ananiletea gunia langu.

Nikamwuliza kuhusu Ondiek. Akasema ni kijana msikivu, anawasikiliza wazee. Mke akiwa na shemeji kama huyu na aseme asante kwa Mungu.

Jumatatu, 16 Machi

Ajabu ya leo. Nimetoka kukata mboga nikakuta vijana wenye gambuti wanapigilia vigingi nyuma ya choo changu, vigingi vyenyewe vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Mstari umetoka kwa mto, umepita nyuma ya boma langu na nyuma ya boma la Beldina, kati yetu na barabara, ukaenda zake. Nikawauliza ni vya nini. Wakasema wao wametumwa kupanda tu.

Nikakimbia kwa Zadock. Akatabasamu. Akasema, "Stima hiyo, nyar Bungoma. Stima inakuja."

Nilirudi nikiimba. Beldina alipokuja tulishikana mikono tukazunguka kigingi kile kilicho karibu na choo, tukaomba, tukamshukuru Mungu kwa mwanga. Beldina akakipaka hata mafuta kidogo ya kupikia, akasema kama nguzo ya Yakobo. Nikamwambia asizidishe.

Jumanne, 17 Machi

Nimempigia binti yangu Atieno simu. Ni msusi Mamboleo, kule Kisumu, kwa saluni ya watu. Amesema stima ikifika ataniletea pasi. Mimi na pasi wapi na wapi.

Jumapili, 22 Machi

Mvua imeanza.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua.

Alhamisi, 26 Machi

Nimeenda mkutano wa Ondiek kule Pap Onditi. Watu kama siafu, matope hadi magotini. Anaongea vizuri, hata mimi niliyekuja na masikio ya kuuliza nilijisahau. Alisema kaunti italeta tingatinga, litajengwa tuta kubwa la kuzuia mafuriko, na ng'ombe hatakufa maji tena katika wadi hii. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi pia.

Nilipopata nafasi ya kuuliza, niliuliza ni lini. Akasema kabla ya mwaka kwisha. Nikakaa chini nimeridhika kama mtu aliyeuliza swali kubwa.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo sikutaka kushika daftari. Nitaandika vile vile.

Perez amekuja kwangu. Alikuja na mvua, peke yake, amevaa gambuti za wanaume. Hakukaa. Chai alikataa, akasema ana nyumba nyingi. Hata kaburi la Okinyi lililo pale mbele ya mlango hakulitazama, naye ni mtu wa hapa, anajua mgeni anavyofanya. Nikajiambia moyoni, kumbe wanavyosema ni kweli, huyu ana moyo mgumu.

Akaniuliza kama najua vigingi vile ni vya nini. Nikasema stima.

Akasema, "Mama, hiyo si stima. Hilo ni tuta. Litapita hapo nyuma ya choo chako. Wewe uko upande wa maji."

Sikuelewa mara moja. Nikamwuliza upande gani. Akanyoosha mkono kwa vigingi, kisha akaugeuza polepole mpaka ukaelekea kwangu, kwa nyumba, kwa kaburi, kwa mboga zangu, mpaka ziwani. Yote yale. Tuta litawakinga wenye barabara na soko, na maji yanayokataliwa kule yatakaa huku.

Nikasema, kwa hivyo wewe ukishinda utalisogeza. Akasema hapana. Huku chini udongo ni tope tupu, tuta halitasimama. Yeye akishinda litapita pale pale. Akaanza kueleza mambo ya kuhamisha watu kwanza na ardhi kuandikwa kwa jina la anayekaa, lakini mimi nilikuwa sisikii tena. Mtu anakuja kuomba kura kwangu na kuniambia atanitupa majini. Nilimwonyesha mlango atoke, ingawa tulikuwa tumesimama nje ya mlango. Akaondoka bila kujitetea.

Ijumaa, 3 Aprili

Sijalala vizuri. Asubuhi nilijifunika gunia kichwani nikafuata vigingi kwa miguu, toka mtoni. Nilitaka nimpate Perez akiwa mwongo.

Mstari unapita nyuma ya boma la Beldina. Nyuma ya boma la Mama Mikal, mjane mzee anayefuga bata. Nyuma ya maboma yote ya upande wetu, boma moja baada ya lingine. Kisha unafika kwa Zadock, na hapo, Mungu wangu, unakunja. Mstari uliokuwa umenyooka kama uzi wa fundi unapinda kabisa, unazunguka boma lake kwa mbele, halafu unanyooka tena. Nyumba yake imebaki upande mkavu.

Nilisimama pale kwenye kona na mvua ikininyea. Mbwa wake alikuja kunisalimia kwa sababu ananijua.

Sabato, 4 Aprili

Nimewaambia akina mama jikoni. Wakasema Perez ana wivu wa tiketi. Beldina akasema hata kama ni tuta, serikali haiwezi kuacha watu majini, kwani sisi ni vyura? Wakacheka. Mimi sikuweza. Nilipowaeleza ile kona ya kwa Zadock, wote wakaanza kuosha vyombo.

Jumatano, 8 Aprili

Leo nimemwuliza Zadock. Alikuja na mfuko wa unga, akakaa kwenye kiti cha Okinyi, nikampa chai. Sikuzunguka. Nikasema, shemeji, vigingi ni vya tuta.

Hakukana. Akasema, "Ningekuambia tuta, ungelala?"

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Wenye vipimo walikuja mwezi wa pili, wakaomba wazee wawaonyeshe njia, na mzee aliyewaonyesha ni yeye. Mahali fulani lazima mstari upite. Hata angeuweka mbele ya nyumba yangu, mwingine angebaki majini. Nikasema, lakini uliukunja kwako. Akasema kila mtu akipewa chaki huchora nyumba yake ndani.

Nikadhani hilo ndilo jambo lenyewe, nikaanza kutafuta moyoni namna ya kumsamehe. Kumbe alikuwa hajafika.

Akasema nisiogope. Shamba la juu lipo, yeye hajalila, amelitunza. Nitahamia huko. "Lakini unajua mwanamke hafungui boma peke yake," akasema. "Nitakuja na jogoo, shoka na moto asubuhi, nikukatie mti wa kwanza. Tutalala huko usiku moja, mila iishe. Baadaye ukae na Yesu wako."

Nikauliza, "Tutalala?"

Akasema, "Kama mtu na bibi yake. Si unajua."

Alisema vile anavyosema bei ya mahindi imepanda. Kisha akapuliza chai akanywa. Mimi nilikuwa nimeshika kifuniko cha birika, na mpaka alipoondoka nilikuwa bado nimekishika. Miaka nane ya kunipigilia mabati. Nilidhani ni upendo wa ndugu. Labda ulikuwa. Labda mtu anaweza kukupenda kama ndugu na huku anangoja maji yapande.

Alhamisi, 9 Aprili

Siwezi kuandika. Mvua.

Jumatatu, 13 Aprili

Maji yamefika kwenye nyanya. Bata wa Mama Mikal wanaogelea njiani, wao ndio wenye furaha.

Jumapili, 19 Aprili

Atieno amekuja kutoka Kisumu. Nimemwambia yote. Nilitegemea atalia. Alikasirika, tena alinikasirikia mimi. Akasema, Mama, si uhame tu, shamba ni la baba.

Nikamweleza kwamba huku si Mamboleo unakokodisha chumba Jumatatu na kuhama Ijumaa. Mjane akifungua boma bila mwanaume, wanasema chira itamkamata: atakonda, atakohoa, na binti zake hawataolewa. Akasema, "Mimi sijaolewa na hujafungua boma lolote." Nikataka kumpiga kofi, nikajikuta nacheka, kisha nikalia mimi badala yake.

Akaniuliza wagombea wanasemaje kuhusu wajane. Wiki saba nauliza habari za maji, na hilo sikuwahi kuliuliza.

Alhamisi, 30 Aprili

Leo wagombea wote wawili walikuja shule ya msingi kujibu maswali. Nilivaa gauni langu la kanisani. Niliomba Mungu anipe sauti, akanipa.

Nilisimama nikasema mimi ni mjane wa Okinyi, naitwa Rachael Nasike, nimetumwa na akina mama. Nikamwuliza Ondiek: tuta likijengwa, watu wa upande wa maji mnawapeleka wapi?

Ondiek ni mpole. Alinishukuru kwa swali. Akasema hakuna atakayeachwa. Kila mwenye boma atapewa kiwanja nyuma ya soko, kaunti imekubali, mambo yako tayari. Watu wakapiga makofi. Nilihisi mwili umelegea kwa raha. Nilikuwa nakaribia kukaa. Sijui nini kilinizuia, nikauliza tena, na wajane?

Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa kitu rahisi. "Mama, wajane wana wenyewe. Wazee wamekaa chini, kila mjane ana shemeji yake. Hakuna haja kaunti itumie ardhi kwa watu ambao wana wenyewe."

Na watu wakapiga makofi tena. Makofi yale yale. Niliwaangalia. Wanaume, sawa. Lakini akina mama wa Dorkasi pia, mikono ya mazoea, walikuwa wanapiga. Nikamwangalia Zadock mstari wa mbele. Hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kwa hivyo si mimi peke yangu. Huo ndio mpango wenyewe. Kila mjane wa upande wa maji ameshagawiwa kama mbuzi wa mahari, na kiwanja ambacho angepewa kimebaki mkononi mwa serikali. Na Mama Mikal, ana shemeji gani? Ni mlevi mmoja wa Katito, umri wa mjukuu wake.

Perez akaomba maikrofoni. Hakupendezesha maneno, hajui. Akasema, "Mjane ni mwenye boma. Akihamishwa, kiwanja kiandikwe jina lake, na kiandikwe kabla ya tingatinga kuwaka moto. Tuta litapita palepale, sitawadanganya." Wakamzomea. Mmoja akapiga kelele arudi kwa mume. Akangoja wamalize kumzomea, akarudia sentensi ile ile kwa Dholuo, akakaa.

Ndipo nilipokumbuka kwamba maneno hayo alikuwa ameniambia mlangoni kwangu kwenye mvua, na mimi nikamfukuza.

Sabato, 2 Mei

Jikoni niliwaeleza tena, polepole. Ondiek atatoa viwanja lakini si kwa wajane. Perez atawapa wote. Tuta ni lile lile. Nikawaambia sasa tunajua, tusile gizani.

Mama Mikal, ambaye huwa haongei, akauliza, "Na shemeji yangu wameniuliza lini?" Hakuna aliyecheka.

Jumapili, 10 Mei

Mvua usiku na mchana. Kaburi la Okinyi limezungukwa na maji, msalaba tu ndio uko juu. Nilikaa mlangoni nikaongea naye. Sitaandika niliyosema.

Alhamisi, 14 Mei

Tumepiga kura. Foleni ilikuwa ndefu, miguu kwenye matope, karani mmoja amekalia kreti ya soda. Karatasi ilikuwa na majina mawili tu na bado mkono wangu ulizunguka juu yake kama nzi. Nikaweka alama kwa Perez, nikaikunja, nikaomba.

Beldina alikuwa nyuma yangu. Tulirudi pamoja, tumekunja sketi. Njiani nikamwambia hata tukishindwa, angalau sisi wa upande wetu tumesimama. Tulipofika kwa kigingi kile cha karibu na choo akasimama.

Akasema, "Nimepigia Ondiek."

Nikadhani amekosea karatasi. Nikamwuliza kama alichanganya. Akasema hapana.

"Ulituambia tuulize, nikauliza. Mimi nina bwana, kwa hiyo nina kiwanja. Ondiek ataanza mwezi wa sita. Perez anataka kuandika majina ya watu wote kwanza, itachukua miaka, na mimi nina watoto watano ndani ya maji. Nilijua vizuri, dada. Sikupiga kura gizani."

Hakuwa na hasira. Alinishika mkono akaenda kwake.

Nimekaa mezani toka jioni. Nilijiandaa kwa watu wasiojua. Nilitembea kwenye mvua miezi miwili nikidhani ubaya wetu ni kutojua. Sikujiandaa kwa rafiki yangu anayejua kila kitu nilichomfundisha, akakipima vizuri, akakuta mimi ndiye ninayepungua upande wa pili wa mizani. Na hata siwezi kusema amefanya dhambi. Watoto wake ni watano, nimewabeba wote mgongoni.

Ijumaa, 15 Mei

Ondiek ameshinda, si kwa mbali. Kituo chetu cha upande wa chini ameshinda pia.

Jumatano, 20 Mei

Maji yameingia ndani. Yalikuja bila kelele, niliyasikia kwa vidole nilipoteremka kitandani. Nimepandisha godoro juu ya meza na kuku juu ya kabati.

Zadock amefika na mtumbwi wa jirani. Alisimama ndani ya mtumbwi pale mlangoni, maana hapakuwa na pa kukaa. Akasema jogoo ameshapatikana, nichague siku. Sauti yake ilikuwa nzuri tu, ya mtu anayekuja kukuokoa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba anaamini ananiokoa.

Nikamwambia, "Jogoo ninaye wangu, shemeji."

Hakuelewa. Akacheka kidogo, akasema atarudi Jumatatu.

Ijumaa, 22 Mei

Nimefunga na kuomba. Sikupata sauti yoyote kutoka juu. Nilipata tu wazo kwamba kama Mungu angekuwa anaua wajane kwa kulala peke yao, angekuwa ameniua zamani.

Jumapili, 24 Mei

Tumehama.

Tuliondoka alfajiri, mimi na Atieno. Sikutaka kudharau mila ya mume wangu, nimeishi ndani yake zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nilitaka kuifuata yote isipokuwa kulala na mtu. Kwa hiyo jogoo nilimbeba mimi. Moto nilibeba mimi, makaa ndani ya chungu. Shoka huwa linabebwa na mtoto wa kiume wa kwanza. Nina Atieno. Alilibeba begani na kucha zake za rangi.

Kabla ya kutoka nilisimama kwenye maji mbele ya msalaba. Nikamwambia Okinyi siwezi kumbeba, anisamehe, nitakuja maji yakishuka.

Watu walitoka milangoni kutuangalia tukipita. Hakuna aliyetusalimia. Bibi mmoja alimvuta mjukuu wake ndani ili tusimtupie kivuli.

Shamba la juu lilikuwa na mtama umefika kiunoni. Nikakata sehemu ya nyumba tu. Atieno akakata mti wa kwanza, vibaya, shoka likiruka huku na huku, lakini ukaanguka. Tukasimamisha nguzo nne na turubai. Nikawasha moto.

Zadock alifika saa nne hivi akiwa na wazee wawili. Wazee walibaki barabarani, hawakutia mguu. Yeye aliingia mpaka ukingoni mwa mtama. Nimemwona mara elfu na leo ndiyo mara ya kwanza nimeona amezeeka.

Akasema, "Umekata mtama yangu."

Nikasema mtama uliobaki avune, ni jasho lake, sitagusa hata suke. Lakini ardhi ni ya Okinyi na nimeingia.

Akaangalia turubai. Akaangalia shoka mkononi mwa Atieno, na nadhani hapo ndipo alipoamini. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikutegemea, ulijaa hofu, hofu ya kweli, ya mtu anayemwona mwingine anakanyaga nyoka.

"Ukifa hapa, nyar Bungoma, usiseme sikukuambia."

Nikasema, "Nikifa, shemeji, sitasema."

Mzee mmoja barabarani alikohoa kama mtu anayezuia kicheko. Zadock hakucheka. Akageuka akaenda, akikanyaga kwa uangalifu asivunje mtama.

Jumatatu, 25 Mei

Nimeamka. Naandika neno hilo nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Atieno bado anakoroma.

Tangu alfajiri watu wanapita barabarani kuangalia kama niko hai. Mwenye bodaboda mmoja amepita mara tatu bila abiria. Akina mama wa soko wamesimama wakiwa na vikapu kichwani, nikawapungia mkono, wakaondoka mbio kama waliopungiwa na maiti. Beldina amekuja pia. Hakuvuka mtaro. Akauliza nimelala, nikasema nimelala. Akauliza hakuna kitu kimenijia, nikasema mbu. Akaacha mfuko wa sukari kwenye ukingo wa mtaro akaenda.

Sijui nitamfanyia nini Beldina. Sukari nimeichukua.

Kwenye saa tatu Mama Mikal ametokea huko chini, peke yake, godoro kichwani limeloa linamchuruzika maji mgongoni, bata wawili wamefungwa miguu mkononi. Amevuka mtaro bila kuuliza. Nilisimama kumpokea, nikijiandaa kumjibu habari za chira, za usiku, za kilichonijia na ambacho hakikunijia.

Ametua godoro juu ya mabua ya mtama. Amezungusha macho shamba lote, polepole, kama mtu anayepima. Kisha ameniuliza choo nitachimba upande gani, ili yeye asiweke mlango wake huko.